Zege Lililong'oka kwa Bi Mwajabu

Haya yalitokea Temeke, enzi za Mwingereza. Mashine mpya ya Bi Mwajabu ya kukamua mafuta ya nazi iling'oa bolti yake sakafuni siku ya kwanza tu, na pande la zege juu yake. Loo! Mtaa mzima ukaja kutazama. Fundi aliyeimwaga sakafu hiyo alikuwa Nassibu, mchumba wa Tunu, binti wa Bi Mwajabu.

"Simenti yangu umeiuza," Bi Mwajabu akamwambia mbele za watu. "Mwizi simpi mwanangu!"

Nassibu aliumia, lakini macho yake hayakubanduka kwenye lile pande. Lilikuwa kama kawa la kufunikia chakula, limepinduliwa. Bolti nzima, haijapinda. Akaligonga zege kwa nyundo; gumu. Sasa limeng'okaje? Akalala kifudifudi, akachungulia shimoni. Nondo zake, zile fito za chuma za kuimarisha zege, zilikuwa kule chini salama salimini, alivyozilaza kama alivyozoea kwenye dari za mjini. Ufa ulipita juu yake, wala haukuzigusa.

"Yarabi, kumbe zilikuwa zimelala tu!" Akacheka peke yake. Watu wakadhani kapagawa.

"Mama, nipe mfuko mmoja wa simenti, nawe ukae uangalie."

Akakoroga zege moja, akamwaga vitalu viwili uani, kila kimoja na bolti yake. Cha kwanza nondo alizilaza chini. Cha pili alizisimamisha, kazikunja ncha, zikaizunguka bolti kwa karibu.

"Gunia likichanika, mama, uzi wa kulishonea unavuka mpasuko, haufuatani nao," alisema. "Ufa ukitaka kupita hapa, ukutane na chuma."

Zege lilipokomaa, wanaume wakatia boriti chini ya kichwa cha bolti, wakaibenjua kuing'oa. Kitalu cha kwanza, paa! Kawa hilo likatoka. Cha pili wakaning'inia, wakatukanana, jirani mmoja mnene, Kasimiri, akaikalia boriti kabisa. Ufa mwembamba ukajichora mviringo. Zege likagoma kutoka.

Bi Mwajabu akaupapasa ule ufa kwa kidole. "Simenti ni ile ile moja, na cha kwanza kimeng'oka vilevile. Kumbe hukuiuza."

"Sikuiuza, mama. Nondo ndizo nilizokosea. Sikujua."

Bi Mwajabu akasimama, akawageukia majirani. "Jamani eeh, mtoto wa watu nilimsingizia!" Kisha akamwangalia Nassibu, machozi yakimlengalenga. "Asiyejua hufundishika, baba. Mwambie mshenga wako aje. Ila mashine yangu uifunge kwanza."