Mama Bondeni

Dada mtu alikuwa afisa mipango wa manispaa. Kaka yake alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa bondeni, ukuta kwa ukuta na nyumba ya mama yao. Manispaa ilipoamua kujiandaa kwa mafuriko, dada ndiye aliyepewa kazi ya kuchora eneo litakalohamwa ili mto upate nafasi. Bonde zima likaingia, na nyumba ya mama ikiwamo.

Kaka alizipata habari kwa wateja. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa hadi barazani. Dada alieleza kwamba mvua za sasa si zile za utotoni mwao, na kwamba kila mwenye nyumba atapewa kiwanja mlimani. Watu waliguna. Mzee mmoja alisema mlima ule hata mbuzi huupanda kwa kupumzika njiani. Kaka akasimama, vumbi la mbao nywele nzima.

"Mama ametuzaa pale. Leo unamfukuza kwa kalamu?"

"Nisipomhamisha mimi, kaka, mto utamhamisha."

"Usiniite kaka."

Ukumbi ukapiga makofi. Diwani, mtu wa kufuata upepo, akapendekeza bonde liondolewe kwenye mpango, na likaondolewa. Dada alikataa kutia saini. Mkurugenzi akasaini mwenyewe, kisha akampeleka idara ya masoko.

Msimu uliofuata mto ulipasua kingo alasiri moja. Kaka alimbeba mama mgongoni, maji yakiwa kifuani, huku nyuma yake karakana ikisombwa na mbao zake zote. Dada aliwakuta kwenye darasa walimohifadhiwa, akawapa mablanketi. Kaka alilisukuma lake kwa mguu.

"Umekuja kutucheka," alisema.

Dada alimwomba mama waende kwake. Mama alisema hawezi kulala kitandani kwa mtoto mmoja na mwingine yuko sakafuni, akamgeuzia mgongo.

Mpango ulirudi kwenye baraza la madiwani, na safari hii hakuna aliyeupinga. Kaka alipewa kiwanja mlimani, akajenga, akaishi na mama. Dada alipofika kuwaona, kaka alifunga mlango kwa komeo, akaendelea kupiga randa ndani. Tangu hapo mama humtumia ujumbe kwa jirani siku ambazo kaka amekwenda kununua mbao, na dada huja, huketi jikoni, huondoka kabla kaka hajarudi.