Nafasi ya Darini

Kila asubuhi, wauguzi wakiwa bado hawajanywa chai, daktari alipita wodi ya wanawake na swali moja kwa kila aliyepasuliwa utumbo: "Umeshajamba?" Aliyejibu ndiyo alipewa supu. Aliyejibu bado alibaki na njaa yake. Fundi magodoro alikuwa amejibu bado mpaka akachoka, sasa anatikisa kichwa tu, tumbo limevimba hadi nyuzi za mshono zinavuta. Asubuhi hiyo daktari alimwambia kwamba gesi isipotoka hadi kesho watampasua tena. Alisema huku akiangalia kitanda kinachofuata.

Fundi aliogopa sana. Kitanda chake alikilalia pamoja na muuza mkaa, mjane aliyekuwa akisubiri zamu ya kupasuliwa. Walilala mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni kwa yule. Muuza mkaa ndiye aliyemshika mkono wakazunguka ujia hatua kwa hatua, akamsugua mgongo, akamlaza ubavu wa kushoto na kumkunja magoti.

"Iachie, mwenzangu. Humu hakuna mgeni."

Alasiri gesi ikanguruma, ikateremka, ikafika mlangoni. Hapo hapo akaingia mkwewe, mume wa binti yake, na chupa ya chai mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," alijibu fundi, meno yameumana. Angekuwa binti mwenyewe, mambo yangekwisha. Lakini mbele ya mkwe! Alibana kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Gesi ikageuza njia ikapanda, na yeye akapanda nayo, pamoja na shuka lake, mpaka bega likagota dari karibu na feni mbovu.

Mkwe alishika ncha ya shuka, mama asije akaelekea dirishani. Muuguzi akaja, akamfunga bandeji mguuni na kuikaza kwenye chuma cha kitanda. Kisha akaona godoro limebaki wazi upande mmoja. Mgonjwa aliyekuwa amelala ujiani akaletwa, akalazwa pale. Mkuu wa wodi alikuja mwenyewe, akaizungushia macho dari yote, kona hadi kona.

"Kumbe nafasi tunayo," alisema, na kwa kweli alifurahi.

Huko juu maumivu hayakupungua hata chembe. Fundi alilia kimya kimya, machozi yakamdondokea muuza mkaa. Mkwe alitazama juu, akafikiri, akageukia ukuta na kuanza kukohoa. Alikohoa kikohozi cha kubomoa kifua, kirefu, kisichokuwa na ugonjwa wowote ndani yake. Fundi alimshukuru moyoni, akaachia.

Wodi nzima ilisikia. Muuza mkaa alipiga vigelegele. Fundi alishuka polepole, akatua sakafuni, maana kitandani palishajaa.

"Nani kakwambia ushuke?" muuguzi aliuliza.

Supu alipewa. Aliinywa akiwa ameketi kwenye saruji, yeye aliyeshonea nusu ya mji magodoro, na tumbo lake likawa linapungua.

Zamu ya muuza mkaa ilifika. Alipotoka chumba cha upasuaji alikatazwa kutembea, akakatazwa kukunja magoti, maji ya moto akanyimwa. Alipovimba vya kutosha, akapanda. Darini palikuwa pameshapigiliwa kulabu, na wenzake wengi walimtangulia. Daktari aliendelea kupita kila asubuhi na swali lake lile lile, ila sasa aliuliza akiwa ameinua kidevu, na aliyejibu ndiyo alikunjiwa uso.

Siku ya kuruhusiwa, fundi alisimama chini ya mwenzake, mkwe akiwa amembebea mfuko. Uso wa muuza mkaa ulikuwa umepauka, midomo imekauka.

"Mwenzangu, mimi nitakohoa. Wewe iachie."

Muuza mkaa aliangalia chini. Vitandani walilala watatu watatu, na sakafu ilikuwa imelaliwa hadi mlangoni.

"Nitue wapi?" aliuliza.

 Fundi alikohoa hivyo hivyo, akiwaruka waliolala, mpaka akatoka nje.