Vidole Viwili Chini ya Mstari

Kila siku saa moja na nusu asubuhi, kabla geti halijafunguliwa, fundi wa Treni ya Mwezi alipaka grisi magurudumu ya mabehewa sita, akakaza nati zilizolegea jana yake, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, kisha akabeba chupa ya chai kumpelekea mke wake kwenye foleni. Asubuhi hiyo alimkuta kona ya kumi na moja. Akampitishia chupa juu ya chuma cha kugawa foleni, pamoja na mkate uliofungwa kwa gazeti.

"Chai ya leo nyepesi," mke wake alisema baada ya kuionja.

"Majani yamekwisha."

"Yamekwisha, au umechelewa kuamka ukachemsha maji ukayaonyesha majani kwa mbali?"

"Yamekwisha, Mama Kidonge."

Mama Kidonge alikuwa kwenye foleni hiyo mwaka wa tisa sasa.

Treni ya Mwezi ilijengwa pembeni mwa bustani ya burudani zamani, wakati rangi yake ya fedha ilikuwa bado inang'aa na nyota zake za bati zilikuwa bado na ncha tano. Mtu aliyeichora alikuwa na moyo mkunjufu. Alichora mlango wa kuingilia, foleni ya kona tatu, jukwaa la kupandia, reli, na upande wa pili mlango wa kutokea waliokwisha kupanda. Ubao wa kupimia kimo aliuweka mwisho kabisa, hatua mbili kabla ya jukwaa, kwa sababu ndipo palipobaki nafasi kwenye karatasi. Mlango wa kutokea waliokataliwa hakuuchora. Haikumjia akilini kwamba kuna mtoto atasimama juani muda wote huo halafu aambiwe hapana. Mafundi nao wakajenga kama ilivyochorwa, na njia pekee ya kuondoka kwenye ubao, ukishakataliwa, ikawa ile inayorudi mwanzo wa foleni.

Baadaye watu walilalamika kwamba foleni inamwagika hadi barabarani. Uongozi ukaongeza kona. Wakalalamika kwamba kona zimezidi, ikaongezwa nyingine. Huo ndio ukawa utaratibu wa pale, ukaandikwa na kwenye daftari la kazi: lalamiko moja, kona moja. Zilipofika kumi na nne, kila kona ikatundikwa kibao, na kwa kuwa vibao vyote vilichapwa kwa mkupuo mmoja, vyote vilisema jambo moja: KUANZIA HAPA, DAKIKA 45.

Kidonge, binti wa fundi, aliingia na mama yake siku alipotimiza miaka saba. Kwenye ubao akakutwa chini ya mstari kwa vidole viwili. Wakarudi mwanzo. Walipofika tena, vilikuwa vidole viwili vilevile. Watoto hawakui kwenye foleni ile. Kukua kunataka muda, na muda uliopo pale ni dakika arobaini na tano tu. Watu wazima huzeeka kama kawaida, maana uzee haupangi foleni. Mama Kidonge alikuwa ameota mvi kichwa kizima. Kidonge alikuwa bado na pengo la meno mawili ya mbele, na bado anauliza kama wamemwachia keki.

Mama angeweza kupanda peke yake, akashukia upande wa pili, akaenda nyumbani. Kimo alikuwa nacho. Kila walipofika kwenye ubao, msimamizi alimwuliza kwa adabu, "Mama, wewe utapanda?" Naye kila mara alijibu, "Na huyu nimwachie nani?" Fundi alishajaribu mara tatu kumbeba mtoto juu ya chuma. Kila alipomtua, alijikuta amemtua kona ya pili. Chai ilipita. Mtu hakupita.

Hawakuwa peke yao. Kulikuwa na familia kama arobaini hivi, na kinyozi aliyeingia na mpwa wake, ambaye sasa alinyoa foleni nzima kwa mkasi mmoja. Alimwita fundi shemeji, kwa maelezo kwamba ukisimama nyuma ya mwanamke miaka tisa bila kumsukuma, huyo ni dada yako.

Ndipo likabandikwa tangazo la ukarabati. Meneja alilisoma mwenyewe kwa kipaza sauti, akasema eneo la Treni ya Mwezi limechoka na litafanywa upya lote, na kwamba mchoraji mpya ataanza kupima kesho.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," kinyozi alisema, akaendelea kunyoa.

Mchoraji mpya alikuwa mwanamke kijana mwenye kalamu tatu nyweleni. Alitembea kona zote kumi na nne akihesabu hatua. Fundi alimsubiri kwenye ubao, kofia mkononi.

"Mwanangu, nina maombi matatu."

"Sema, mzee."

"La kwanza, ubao huu uhamie mlangoni, mtu ajue mapema. La pili, mlango wa kutokea waliokataliwa. Mmoja tu, hata mwembamba, hata wa kupita kiubavu. La tatu ni mteremko wa tatu wa reli. Ulichongwa mkali mno, behewa likifika chini linapiga teke. Mstari huu wa kimo niliupiga mimi kwa brashi yangu, kwa sababu ya teke hilo. Ulazeni ule mteremko kidogo, na mstari utashuka vidole vinne."

"Unahitaji vingapi?"

"Viwili."

Mchoraji aliandika yote. Akampima Kidonge kwa mkono wake, akaandika na vile vidole viwili, akampa mtoto kalamu moja ya nyweleni. Siku hiyo fundi alirudi nyumbani akafagia chumba cha mtoto, akatoa nje godoro likapigwe jua.

Miezi miwili ikapita. Hakuna aliyesema neno juu ya mteremko. Kisha ikafika asubuhi ya mwisho kabla ya treni kusimamishwa kupisha ujenzi, na Mama Kidonge hakuionja chai aliyopewa. Aliishika tu.

"Ubao umeshikwa na nati nne," alisema. "Na spana unayo."

"Ninayo."

"Mstari ulipigwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi ushushe wewe, Baba Kidonge. Nimechoka. Miguu yangu imesahau kukaa."

Fundi alifungua nati nne, akaushusha ubao vidole viwili, akazikaza. Lakini alikuwa fundi. Akachukua gunia, akalijaza mchanga mpaka likafikia uzito ambao mikono yake iliukumbuka kutoka zile mara tatu alizombeba mtoto, akalivika sweta, akalikalisha behewa la pili na kuliteremshia chuma cha kifua. Akawasha mtambo.

Mteremko wa kwanza, gunia lilikaa. Wa pili, liliinama. Wa tatu, behewa lilipiga teke, na gunia likatoka chini ya chuma bila kugusa popote, likapita juu ya dirisha la tiketi, likatua kwenye paa la banda la bisi na kupasuka. Sweta lilibaki juu ya bati, limekunjua mikono.

Foleni nzima iliona. Kidonge alipiga makofi.

"Tena, baba! Tena!"

Fundi alifungua nati nne, akarudisha ubao mahali pake, akazikaza. Mama Kidonge alimtazama mpaka nati ya mwisho. Ndipo akanywa chai.

Ujenzi ulichukua miezi saba. Mabati yalizungushwa, na foleni iliendelea kuzunguka ndani yake, ikifika kwenye ubao, ikikuta treni imesimama, ikirudi mwanzo. Mchoro ulipobandikwa ukutani, kila mtu wa foleni alitafuta jina lake. Walikuwa wamechorwa kama viduara vidogo vya nukta, na pembeni yake pameandikwa: VILIVYOPO. VISIONDOLEWE.

"Hiyo ni lugha ya kitaalamu," meneja aliwaeleza. "Maana yake mnathaminiwa."

"Hata choo kinathaminiwa," kinyozi alisema.

Siku ya kufunguliwa, nyota zilikuwa na ncha tano tena. Foleni ilikuwa na paa na mapangaboi. Reli ilikuwa imeguswa na rangi peke yake. Ubao wa kimo ulikuwa mpya, wa kioo, na mwezi unaotabasamu, na ulikuwa palepale mwishoni kwa sababu waya wa umeme uliishia pale. Mlango wa kutokea ulikuwepo pia. Mchoraji aliuchora. Meneja alipouliza unaelekea wapi, akaambiwa nje, alisema wateja hawaji hapa kwenda nje. Lakini mchoro ulikuwa umekwisha kupitishwa, kwa hiyo mlango ulichorwa ukutani kwa rangi ya kijani, mzuri, na kitasa chake. Watoto waliokataliwa walikigusa wakipita.

Fundi alihesabu kona. Zilikuwa kumi na saba. Akahesabu upya, kisha akaenda kufungua daftari la kazi. Maombi yake matatu yalikuwa yameandikwa kwa hati safi, kila moja kwenye mstari wake, na mbele ya kila moja pamewekwa alama kwamba limeshughulikiwa.

Siku aliyostaafu alipewa saa ya ukutani, akaiacha kwenye stoo. Alinunua majani mapya, akachemsha chai ikakolea, akapanga mstari dirishani akakata tiketi kama mtu mwingine yeyote. Msimamizi alimkatia kipande, akamtakia safari njema.

Foleni ile inakwenda na kurudi, kwa hiyo kwenye kila kona watu hupishana, chuma kikiwa katikati. Alipoingia kona ya nne aliwaona wanakuja: mvi za mke wake, kisha kisogo cha kinyozi, kisha kalamu ikicheza juu ya chuma, na mkono mdogo ulioishika. Akampitishia mke wake chupa.

Mama Kidonge alionja. "Leo umetia majani," alisema.

"Baba," Kidonge aliuliza, "wewe umefika wapi?"

Fundi aliinua macho akasoma kibao. "Dakika arobaini na tano."

"Hata sisi," Kidonge alisema kwa furaha, na foleni ikasogea hatua moja.