Video ya Miguu

Hakuwa na gongo la kwake, wala viatu vya njumu, wala kimo, wala jamaa aliyewahi kucheza mpira wa magongo. Hayo yote msichana yule aliyavumilia. Kilichomliza ni kukosa shabaha. Kila alipopiga, gongo lilichimba majani kwanza, mpira ukajikokota kama mgonjwa. Wenzake wakambandika jina: Fyekeo.

"Jumamosi nachagua kikosi," kocha alimwambia. "Bidii yako naiona, mwanangu. Mipira yako ndiyo siioni."

Kocha alikuwa na kawaida ya kurekodi mazoezi kwa simu, kisha wote huketi chumba cha vifaa kutazama makosa yao. Alhamisi hiyo alimshikisha simu shangazi yake Fyekeo, fundi cherehani aliyekuja kumtembelea kaka yake, baba wa msichana, kwa wiki moja, na siku hiyo alikuwa amesimama kando ya uwanja. Shangazi alirekodi kwa moyo wote. Lakini walipoketi kutazama, hapakuwa na uso wala gongo zima. Ilikuwa miguu tu, kuanzia magotini kwenda chini.

"Shangazi, ulikuwa unatupima suruali?" mmoja akadakia. Chumba kikaangua kicheko. Fyekeo akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Macho yangu mimi huanzia kwenye pindo," shangazi akajibu bila kutahayari. "Na huyu wangu, hebu tazameni, mguu wa kushoto hauufikii mpira. Anasimama mbali, halafu anajinyoosha. Hata kitambaa ukikikata hivyo, mkasi unapotea njia."

Kocha akairudisha video nyuma. Akairudisha tena. Miezi mitatu alikuwa akiikemea mikono ya mtoto wa watu, kumbe ugonjwa uko miguuni!

"Ahsante, mama," akasema mbele ya wote. "Hili sikuliona."

Ijumaa Fyekeo alisogeza mguu hatua moja tu, akapiga. Mpira ukaingia, ukagonga ubao wa nyuma ya goli, pa! Kipa alikuwa bado anainama. Jumamosi aliitwa wa tisa.

Shangazi alikuwa keshaondoka. Alipigiwa simu, lakini Fyekeo hakuridhika. Ya simu hupita, ya karatasi hukaa. Akaandika:

"Shangazi, sasa kocha anarekodi miguu ya kila mtu. Jina hawajanibadilishia, ila majani yamepona. Ningeachwa, na nisingejua kwa nini. Ahsante sana."

Akalamba ukingo wa bahasha, akaukandamiza kwa kiganja, akabandika stempu, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta.