Upande wa Kushoto wa Benchi

Kila siku ya kazi, saa tatu kasorobo asubuhi, Ferista aliangusha kalamu. Si kwamba ilimponyoka. Aliitazama barabara kupitia kioo cha duka, na mara tu alipoona shati la bluu likitokea upande wa stendi, aliisukuma kalamu kwa kidole mpaka ikadondoka, akainama chini ya meza kuitafuta. Huko chini alihesabu mpaka ishirini. Alipoinuka, Jairo alikuwa ameshapita kwenda ofisi ya ushirika wa kahawa, na Ferista alikuwa ameokoka siku nyingine bila kumsalimia mtu aliyempenda kwa miezi kumi na minne.

Mwenzake Happy, aliyepiga picha za pasipoti nyuma ya pazia, alishazoea. Siku za mvua, Jairo akichelewa, ni Happy aliyemkumbusha kwamba kalamu bado iko mezani.

Sasa Jumanne moja ya mwanzo wa Januari, Ferista alikuwa amefika kumi na saba aliposikia mtu akibisha hodi juu ya meza hiyohiyo. Viatu vilivyosimama mbele ya pua yake vilikuwa na tope jekundu, na vilikuwa vya Jairo. Angeweza kuinuka taratibu, kama binti aliyesoma. Aliinuka kama aliyeumwa na siafu, akakigonga kichwa kwenye ubao, na stepla na kopo la klipu vikamwagika sakafuni.

"Pole, dada," Jairo akasema. "Nirudi baadaye?"

Alikuwa mtu wa milima ya Ileje, mpole, na kazi yake ilikuwa kuonja kahawa. Waliowahi kupita karibu na chumba chao cha kuonjea walisema hufyonza kijiko kwa kishindo mpaka kuku wa jirani wanakimbia, lakini akitoka nje ya chumba kile humsikii hata akimeza mate. Siku hiyo alizungumza kwa muda mrefu kuliko Ferista alivyowahi kumsikia. Kulikuwa na mkaanga kahawa mmoja mdogo huko Hispania, kwenye mji wa wavuvi kando ya bahari ya kaskazini, ambaye alikuwa akinunua kahawa yao. Alikuwa amewaalika wamtume mtu mmoja, na ushirika ulikuwa umemchagua yeye. Angefanya kazi siku nne, kisha Jumamosi nzima angebaki bila la kufanya. Ndipo akasikia kwamba dada wa duka la steshenari ana diploma ya utalii.

"Mimi sijui kutembea bila sababu," akasema. "Ila ukiniandikia, nitafuata."

Hapo ndipo Ferista alipotakiwa kusema ukweli. Ukweli ni kwamba diploma ilikuwepo, imewekewa fremu, inaning'inia sebuleni kwao Nanyala juu ya televisheni. Lakini mahali pekee alipowahi kuongoza wageni ni Kimondo cha Mbozi, wakati wa mafunzo kwa vitendo. Alipewa wanafunzi arobaini awaeleze habari za lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, naye akaeleza vizuri sana, kwa sauti ambayo hata kimondo chenyewe hakikuisikia. Mwalimu wao, baada ya kungoja, aliuliza kama kiongozi wa msafara atachelewa sana. Bahari hakuwahi kuiona. Hispania aliijua kwa mpira wa miguu, na mpira wenyewe aliusikia kupitia ukuta wa jirani.

"Ijumaa itakuwa tayari," akamwambia.

Siku tatu alifanya kazi ambayo mtu mwingine angeimaliza kwa saa moja. Jina la mji lilikuwa na maneno manne, akalinakili herufi moja baada ya nyingine. Alisoma kila ukurasa alioupata, akazitazama picha mpaka akaanza kuwatambua watu waliokuwa ndani yake: bwana mnene wa aiskrimu, akina mama wanaoshona nyavu kwenye gati, mbwa wa kahawia aliyelala karibu na kamba za mashua. Na kadiri alivyoandika ndivyo alivyozidi kuhamia huko. Jumatano jioni alijikuta akichagua gauni. Alhamisi alikuwa ameamua kwamba viatu vya kuchuchumia havifai, kwa sababu ngazi za mnara wa taa ni mia moja na kumi, na akavua vya kuchuchumia akavaa raba, pale pale dukani Mlowo, kichwani mwake.

Ratiba ilipotoka ilikuwa ukurasa mmoja, na ilikuwa nzuri, ukitaka kumsifu. Asubuhi, kupanda mnara wa taa. Saa nne, kuoga baharini, nusu saa. Baadaye makumbusho ya mashua, kisha aiskrimu kwa yule bwana mnene, kisha safari fupi ya boti kuona miamba. Jioni mnada wa samaki. Na kabla ya mnada, saa kumi, kuketi saa nzima kwenye benchi la mwisho la gati kutazama mashua zikirudi. Pale alifikiri muda mrefu, akaongeza: Keti upande wa kushoto.

Jairo aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Alirudi mwisho wa mwezi. Ferista alijua kwa sababu Happy alimwambia, na Happy alijua kwa sababu Happy hujua. Lakini shati la bluu halikupita. Siku ya kwanza kalamu ilikaa mezani. Ya pili vilevile. Ya tano Happy alikuja na habari kamili, akaitoa kidogo kidogo kama mtu anayemenya chungwa. Mwonjaji alikuwa amelala nyumbani na mafua makali. Pua imeziba kabisa, hatofautishi kahawa na maji ya kuoshea masufuria, na mwonjaji asiye na pua ni sawa na dereva asiye na macho. Ushirika umempa mapumziko mpaka apone.

"Anakohoa, shoga, usiku na mchana," Happy akasema. "Si wanasema mapenzi ni kikohozi? Basi kikohozi anacho. Tusubiri hayo mengine."

Ferista aliuliza mafua yametoka wapi. Happy akajibu kwamba kwa wanavyosema pale ofisini, yametoka kwenye karatasi fulani.

Aliielewa karatasi hiyo siku ya tisa, Jairo alipoingia akiwa amevaa sweta zito la sufu, la rangi ya majivu, katika joto la mvua ya Februari. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika. Alisalimia, akampa Happy simu, akaomba asafishiwe picha saba. Kisha akasimama kando ya meza, na Ferista naye akabaki amesimama, kwa kuwa kalamu ilikuwa ukingo wa mbali wa meza.

Mashine ilitoa picha ya kwanza. Jairo amesimama wima, mikono pembeni, kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nyuma yake kuna mlango wa mnara wa taa, umefungwa kwa kufuli. Picha ya pili, ambayo kwa ratiba ilikuwa ya tatu, Jairo wima, na mlango wa makumbusho uliofungwa. Ya tatu, kibanda cha aiskrimu, kimefunikwa turubai na kufungwa kamba. Ya nne, boti imevutwa nchi kavu, imegeuzwa tumbo juu. Watu wote waliopita nyuma yake walikuwa wamevaa makoti, kofia na skafu, wameinamisha vichwa kuukinga upepo.

Ferista alihisi masikio yakimwaka. Kila picha aliyoiona kwenye kompyuta ilipigwa Julai na Agosti. Naye, mtoto wa Mbozi, alijua tangu akiwa mdogo kwamba baridi ni ya Juni na Julai, watu wanapootea moto mpaka sketi zinaungua. Januari ni mvua na mahindi yanayokua, nani aliwahi kutetemeka Januari? Majira ya kaskazini, kule ambako Januari ndiyo baridi yenyewe, alikuwa ameyasoma. Alikuwa ameulizwa kwenye mtihani na kupata alama zote. Lakini mtihani aliujibu kwa kichwa, na ratiba hii hakuiandika kwa kichwa.

Picha ya tano ikatoka, na Happy nyuma ya pazia akatoa sauti kama ya birika. Jairo alikuwa baharini. Maji yalimfika magotini. Alikuwa amevaa kaptura ya kuogelea ya kijani yenye minanasi, ambayo baadaye ilijulikana kwamba aliifuata mpaka mitumbani Tunduma, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza hukumu. Ufukweni nyuma yake walisimama akina mama watatu, mmoja ameshika kichwa.

"Kaka Jairo," Ferista akasema kwa ile sauti ya kwenye kimondo, "uliona wazi kuwa ni baridi."

"Niliona."

"Sasa mbona uliingia?"

"Ulikuwa umeandika."

Akaeleza kwa maneno machache, akikohoa katikati, kwamba hakumaliza ile nusu saa. Wale akina mama, ambao kazi yao ni kushona nyavu, waliingia majini na viatu vyao wakamtoa, wakamfokea kwa lugha asiyoijua lakini kwa namna aliyoijua vizuri, kwani mama yake wa Ileje hufoka hivyohivyo. Walimwingiza kwenye banda lao, wakamnywesha supu ya samaki, wakamvika sweta la mume wa mmoja wao. Jioni walimpeleka mnadani, ndani kabisa, wanakosimama wavuvi wenyewe, mahali ambapo mgeni wa Julai angeishia dirishani. Sasa ofisini kwao wanamwita Mzee wa Milango, na meneja ameomba picha ya minanasi abandike ukutani. Hakuonekana kujali. Alisema ilikuwa siku nzuri kuliko zote alizotembea bila sababu.

Ferista alitaka kuomba radhi. Alikuwa ameipanga radhi tangu siku ya tano, ikiwa na utangulizi na hitimisho. Akafungua kinywa, na picha ya sita ikatoka.

Lilikuwa benchi la mwisho la gati. Jairo aliketi upande wa kushoto, ndani ya sweta la mvuvi, mabega yamekunjamana kwa baridi. Nusu ya pili ya benchi ilikuwa na koti lake, limetandikwa vizuri, mikono yake imekunjwa kifuani kama koti la mtu aliyeambiwa angoje.

"Hapo ndipo sikuelewa," Jairo akasema. Alitoa ratiba mfukoni. Ilikuwa imeloa na kukauka, wino umesambaa, chumvi imebaki mikunjoni. "Mengine yote niliyaelewa. Hapa umeniambia nikae kushoto. Nikatazama, nikaona pande zote mbili bahari ni ileile. Nikasema dada amesomea, lazima kuna sababu. Akaja mzee mmoja akataka kukaa, nikamwonyesha kwa mikono kwamba pana mtu. Akaja mwingine, nikaona bora niweke koti."

"Muda gani?"

"Saa nzima. Si uliandika saa nzima."

Happy alikuwa ametoa kichwa nje ya pazia. Mashine ilikuwa ikisukuma picha ya saba bila mtu wa kuipokea. Ferista alitazama kalamu. Ilikuwa ukingoni mwa meza, ikimsubiri, na chini ya meza palikuwa na giza zuri la kutosha kuhesabu mpaka ishirini, au mia mbili. Aliinua mkono, akaisogeza kalamu mpaka katikati.

"Sababu ipo, ila si ya utalii," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia; hata muuza mahindi nje aligeuka. "Ratiba ile niliiandika ya watu wawili. Upande ule mwingine niliuacha wangu."