Mpanda Farasi wa Isila

Isila alikuwa mchonga pembe za ndovu, fundi wa vitana na vipini vya vioo. Siku alipopewa jiwe lake la kwanza, kichwa kilimvimba hadi mkewe Nagila akahofia hatapita mlangoni. Na lilikuwa jiwe la lango jipya la hekalu la Budha kilimani, nje ya mji wa Vidisha! Alitakiwa kumchonga yule farasi aliyemtoa Budha nyumbani kwa baba yake alipouacha ufalme.

Alichonga siku ishirini na mbili, anaimba, anacheka peke yake. Farasi akatoka kanona, masikio wima, shingo kaigeuza kumtazama mpandaji. Mafundi walipita wakisifu. Sasa mgema akisifiwa tembo hulitia maji: mgongoni Isila akampandisha kijana mtanashati, kifua mbele, kilemba kikubwa hiki hapa.

Asubuhi ya kupandisha mawe, msimamizi Dhamaka alikuja kukagua. Akatazama kwa kushoto, akatazama kwa kulia.

"Huyu nani?"

"Budha mwenyewe, fundi!"

"Mbona ana pua yako?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mmoja alilala chini kashika mbavu, mwingine akamsujudia Isila, "Bwana wetu, tubariki!"

"We Isila," alisema Dhamaka, akijikaza asicheke, "lango zima hili umemwona wapi? Tunachonga nyayo zake, kiti chake, mti wake. Yeye mwenyewe hatumchongi. Aliyekwisha kuivuka dunia hii utamchongaje? Jiwe hili ni la kutupwa."

Isila akampigia magoti. "Nipe hadi mchana tu, mzee wangu!"

"Haya. Lakini jiwe ni sadaka ya Mama Yakhi, muuza mashada ya maua; ndiye aliyelilipia. Akilikataa, unarudi kwenye vitana."

Isila akashika patasi, akaanza na pua yake mwenyewe.

"Taratibu, usijiumize!" wakamtania.

Uso ukaenda, mabega yakaenda, kifua chote kile kikawa vumbi. Nagila alifika na wali wa maziwa, akashika kiuno. "Mume wangu, umejikata kichwa na bado unataka chakula?"

"Nakitaka sana!"

Jambo la ajabu, kadiri alivyojifuta ndivyo farasi alivyozidi kupendeza. Isila akashikwa na kicheko, mikono ikawa myepesi, furaha ikampanda kama pombe. Uti wa mgongo wa yule kijana akauchonga ukawa mpini, kilemba akakichonga kikawa mwavuli, kama ule wa kuwafunika wafalme. Chini ya mwavuli, mgongo wa farasi ulikuwa mtupu.

Mchana Mama Yakhi akapanda kilima na kikapu chake cha asumini. Akakiweka chini, akalisogelea jiwe. Vicheko vikakatika.  Isila aliviona vitana vyote vya dunia vikimsubiri.

Bibi akampapasa farasi pua. Kisha akafuata macho ya farasi, kule nyuma yalikokuwa yakitazama, akainua uso wake polepole kama mtu anayemtazama aliyekaa juu. Akatoa shada kubwa kuliko yote, akalitundika kwenye mpini wa mwavuli, akainama hadi paji la uso likagusa ardhi.

Alipoinuka alimsogelea farasi sikioni.

"Amekaa vizuri," akamnong'oneza. "Usimwangushe, baba."

Dhamaka akapangusa macho, akawaita watu wa kamba waje kulipandisha jiwe.