Mlango wa Kupumulia

Nakundwa anasinzia juu ya tuta la ndiva, jua likiwa kali na jembe likiwa mapajani. Wanaotaka kumcheka kwamba mtu mzima analala kazini na wacheke tu, lakini wajue kwamba zamu yake ya maji ni alasiri hii, na tangu alfajiri amekuwa akilizunguka bwawa hilo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndiva ndilo hilo bwawa la udongo, mababu walilichimba huku milimani Upareni, mto unaotoka msituni unaachwa ulijaze polepole, kisha mwenye zamu anazibua na kuyapeleka maji shambani kwake. Siku hizi mto wenyewe umekonda, unapita kati ya mawe kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa, na mvua nayo imekosa adabu, inakosekana miezi yake halafu inashuka watu wakishakata tamaa. Pembeni mwa ndiva upo mlango wa kupumulia, ili maji yakizidi yatokee hapo yaende zake korongoni, na sheria ya mlango huo ni kwamba hauzibwi na mtu yeyote kwa sababu yoyote. Nakundwa ameuziba. Ameushindilia udongo wa mfinyanzi na vipande vya mgomba, akaukanyaga kwa miguu yake mwenyewe, ili bwawa lishike maji zaidi na zamu yake ifike mpaka kwa Nanzia, binti yake wa pekee, aliyejifungua juzijuzi na ambaye maharage yake yananyauka kule bondeni, chini kabisa ya tuta, hatua chache kutoka mlangoni pa nyumba yake. Hakumwambia mtu. Mbonea, mwenyekiti wa maji, angemfokea mbele za watu, na Nakundwa kufokewa hawezi. Basi kope zinalemea, anajisemea nafumba kidogo tu, na njia inafunguka.

Njia ni mto uliokauka. Anatembea juu ya mawe meupe, anakata kona, anajikuta palepale alipoanzia, anakata kona nyingine, mto unagawanyika, kila tawi linazaa tawi, na yote yanapanda na kushuka kwa wakati mmoja. Mbele yake anatembea mtu mwenye jembe begani. Kaka, nisubiri, Nakundwa anamwita, na yule mtu anageuka, hana uso, mahali pa uso ni laini kama yai. Nakundwa haogopi, kwa sababu usingizini mtu haogopi pale panapostahili kuogopwa. Anamwuliza, kaka, maji ya mto huu yamekwenda wapi? Yamekwenda kumtafuta aliyeyafungia, anajibu asiye na uso. Na aliyeyafungia ni nani? Ni huyo anayeyaulizia. Nakundwa anakereka, anamwambia mimi sina muda wa mafumbo yako, nina zamu. Zamu yako ndiyo inayokuja, anasema yule, twende, na wanakwenda, au mawe yanakwenda na wao wamesimama, haijulikani.

Wanaingia katika mji ambao kila nyumba ni nyumba ya Nanzia. Bati lenye kutu upande mmoja, mlango wa buluu, nepi za mtoto kwenye kamba, na chini ya kila nyumba ipo nyingine iliyopinduliwa kichwa chini, kana kwamba ardhi ni maji yaliyotulia. Anabisha mlango wa kwanza, anafungua ajuza aliyekumbatia kibuyu kitupu, na Nakundwa anamtambua bila kuambiwa, huyu ni Vuli. Mwanangu, huu ni mwezi gani, anauliza Vuli. Mimi nimepotea. Zamani nilikuwa naijua njia hata kwa kupapasa, ukungu wa kileleni ulikuwa unanishika mkono, sasa ukungu haupo, nikifika nakuta mmekwisha kuvuna vumbi, nikirudi nakuta mwenzangu amekalia kiti changu. Nakundwa anamwonea huruma, halafu hasira inampanda ghafla. Umetumaliza, bibi, unajua hilo? Tunapanda na kupanda tena, mbegu zinaliwa na mchwa, watoto wanalala na uji mwepesi, na wewe unaniuliza mwezi. Ajuza analia, lakini hakuna chozi linalodondoka, na mlango unafungwa.

Mlango wa pili unafunguliwa kabla hajabisha. Anatoka mwanamke mkubwa, pumzi juujuu, kichwani amejitwika mtungi mpana kuliko paa, na huyo naye hana haja ya kujitambulisha, ni Masika, aliyekuja siku zisizo zake. Dada yangu, nitue wapi, anauliza Masika. Nimebeba ya miezi yote kwa mkupuo mmoja, shingo inavunjika, na kila ninapopita wananiambia si sasa, si hapa. Nakundwa anauona mtungi ukicheza, anasikia ulivyojaa, na koo lake kavu linamjibia kabla ya akili yake. Tua kwangu, dada, tua yote. Kwako pana nafasi? Pana, nimeziba kila mahali, hata tone moja halitapotea. Asiye na uso anamgeukia Masika, anasema umemsikia mwenyewe alivyosema, na Masika anainama, anatua.

Hapo ndipo Nakundwa anapotazama chini ya miguu yake. Ile nyumba iliyopinduliwa imekaa sawa, sasa ni yeye aliyepinduka, na mlangoni amekaa Nanzia, anamwogesha mtoto kwenye beseni, anamwimbia, na juu ya kichwa chake tuta la ndiva linatoa jasho. Nanzia, toka hapo, mama anapiga kelele, na sauti inakwenda kwenye njia zile zote, inapotea, inarudi kwake ikiwa imechoka. Anakimbia. Anakata kona, yuko palepale. Anamshika asiye na uso mabegani, anamtikisa, mlango wa kupumulia uko wapi, niambie, ni mwanangu yule. Uko pale ulipokanyaga, anajibu. Nakundwa anapiga magoti, anafukua kwa kucha, anang'oa mfinyanzi, anang'oa mgomba, na kila bonge analolitoa miguu yake mwenyewe inalirudisha na kulikanyaga, naye anaitukana miguu hiyo, anaililia, anaisihi, anaukwangua udongo mpaka vidole vinatoka damu, na mwishowe, jamani, kizibo kinaachia. Maji yanatoka kwa utulivu, yanapinda, yanaelekea korongoni kama yalivyofundishwa. Nanzia anainua kichwa. Mama, mbona umechafuka hivyo? Njoo unywe uji kabla haujapoa. Mtoto anapiga chafya. Nakundwa anakaa mlangoni, anapokea bakuli, anahisi joto lake viganjani, na anafurahi kuliko alivyowahi kufurahi maishani.

Bakuli linapoa. Linakuwa jiwe la mto, na yeye amelala kifudifudi katikati ya mawe, na kile kilichokuwa tuta kimebaki kipande kila upande, katikati hakuna kitu. Jua bado linawaka, matuta ya maharage hayapo, wingu jeusi liko juu kule msituni lilikomwagia, huku chini hata tone halijaanguka. Watu wanashuka mbio na majembe, wamepakaa tope mpaka kwenye nyusi, huwezi kumtambua huyu wala yule. Mmoja anamshika mkono, kwa sauti ni Mbonea. Dada Nakundwa, njoo huku, usitazame bondeni. Nakundwa anamwonyesha vidole vyake, vina udongo, vina damu. Nimezibua, Mbonea, nimezibua kwa mikono hii, maji yamekwenda korongoni, nimetoka kunywa uji kwake sasa hivi. Mbonea anavitazama vile vidole, anageuza uso pembeni. Nanzia yuko wapi, anauliza Nakundwa. Anamwuliza na wa pili, anamwuliza na wa tatu, wote wanainamia majembe yao. Kule alikotoka kila alipouliza alijibiwa, hata kama ni kwa mafumbo, na hawa hawasemi kitu, basi hawa ndio ndoto. Anauchomoa mkono wake taratibu, anajilaza ubavu kwenye tope, anafumba macho, na anawaomba, kwa heshima zote, wasimwamshe.